Mashini ikisema hakuna diski, usikubali bado waiformate



Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kimoja kidogo chenye kimekwisha kupotezea watu TFC na memwari: piloti. Si piloti wa ndege. Ni ile programu ndogo yenye kusaidia Windows kusemezana na kipande fulani cha mashini, kama vile diski, printa, sauti ao Wi-Fi. Wenye kutumia Kiingereza wanaita draiva. Mu Windows ya Kifaransa utaona wameandika "pilote". Hapa nitasema piloti, juu njo neno lenye tumezoea.

Mambo yanaendaga hivi. Asubuhi moja Windows inakataa kuwaka. Skrini inabaki bluu, ao duara inazunguka bila mwisho. Unapeleka mashini kwa fundi. Anachomeka flashi yenye Windows, anafika pahali pa kuchagua diski, na liste iko tupu. Hakuna hata diski moja. Hapo anakuambia: "Diski imekufa, leta ingine." Ao anajaribu vitu bila kueleza, kisha anasema: "Tuformate tu, hakuna namna." Na wewe, kwa sababu siku ya kudepoze iko karibu na direkta wa kazi anakungojea, unaitika.

Mimi natengeneza mashini za wanafunzi tangu miaka kadhaa, na neno nataka mushike ni hili: liste tupu haitoshi kuonyesha kama diski imekufa. Mara nyingi inaonyesha kama ule mfumo mdogo wa kwenye flashi haina piloti ya kusemezana na ile diski. Kazi yako iko mule ndani mzima, inangoja paka mutu mwenye ufunguo.

Ndani ya flashi muko nini?

Ukiwasha mashini kupitia flashi ya Windows, ile unaona si Windows yako. Ni Windows ndogo sana inayoitwa Windows PE. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu ya kuinstalia Windows inatembea juu ya hiyo Windows PE, na vifaa vingi vya kuokoa mashini vinatumia hiyo hiyo. Iko yote mu faili moja, boot.wim, ndani ya folda sources ya flashi. Mashini ikiwaka, ile faili inafunguliwa mu RAM na inapewa herufi X:. Njo maana unaweza kuona X:\ kwenye skrini nyeusi hata kama diski haionekani. Kila kitu unaongeza mule kinakufa ukizima mashini. Tena ukiiacha ikitembea, Windows PE inajizima na kuwaka upya yenyewe kisha masaa 72. Haikufanywa kwa kukaa. Ilifanywa kwa kazi moja, kisha kuondoka.

Kwa kuwa iko ndogo, inabeba piloti za vitu vya kawaida tu. Inajua klavie, flashi, diski za SATA za kawaida, diski za NVMe za kawaida. Mwenye kutengeneza mashini akiweka kitu kisicho cha kawaida kati ya prosesa na diski, Windows PE inabaki kama mugeni sokoni asiyejua luga: vitu viko mbele yake, lakini hawezi hata kuuliza bei.

Kwa nini diski inajificha?

Ugonjwa huu si wa leo. Wakubwa wetu wenye walikuwa wanainstalia Windows XP wanakumbuka kifungo F6 na disketi: mashini za SATA zilipofika, XP haikuzijua, na ilibidi upige F6 mwanzoni kabisa na kuingiza disketi yenye piloti. Ukikosa, unapata skrini bluu yenye namba 0x0000007B. Kisha Windows 7 nayo ilipata shida ingine: haikuwa na piloti za USB 3. Kwenye mashini za Intel za kuanzia mwaka 2015 hivi, watu walikuwa wanafika kwenye ukurasa wa kwanza wa instalasio, na klavie na panya hazifanyi kitu.

Ya siku zetu inaitwa VMD, kifupi cha Volume Management Device. Ni sehemu ya ndani ya prosesa za Intel. Kwenye laptopu iliingia sana na prosesa za kizazi cha 11, zenye zilianza kutoka mwaka 2020. VMD ikiwashwa, diski ya NVMe haionekani tena moja kwa moja: inakaa nyuma ya VMD. Piloti ya kawaida ya NVMe inagonga mulango na hakuna mwenye anaitika. Inaomba piloti ya Intel yenyewe, yenye faili yake inaitwa iaStorVD.inf.

Namna ya kujua kizazi cha prosesa yako: tazama jina lake kwenye BIOS ao kwenye karatasi ya mashini. Kwa mfano i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-1135G7 ni cha 11, i3-1215U ni cha 12. Kama iko 11 ao zaidi na liste ya diski iko tupu, fikiria VMD mbele ya kufikiria kifo.

Kwanza, tazama kama diski iko hai

Hapa hauhitaji programu yoyote. Ingia mu BIOS kwa kifungo cha mashini yako, mara nyingi F2, F10, Esc ao Delete. Tafuta pahali panaonyesha diski. Kama jina la diski na ukubwa wake viko pale, ujue diski inaitika. Diski iliyokufa kabisa haitaji jina lake.

Kama BIOS nayo haioni kitu, usikate tamaa bado: inaweza kuwa imelegea mahali ilichomekwa. Umwambie fundi aitoe na kuirudisha vizuri, mashini ikiwa imezimwa. Na kama ni diski ya zamani yenye kuzunguka na inatoa sauti ya kugonga-gonga, zima mara moja. Hiyo ni shida ya diski yenyewe, na piloti haitasaidia. Kila dakika unaiacha ikizunguka inaweza kuumiza zaidi.

Kutayarisha piloti

Hapa njo watu wengi wanakwama. Wanatelesharje piloti, wanaweka faili ya .exe kwenye flashi, wanarudi kwenye Windows PE, na inasema haioni kitu. Ni kawaida. Windows PE haitafuti .exe. Inatafuta faili ya .inf, na pembeni yake faili za .sys na .cat zenye zinaenda pamoja nayo. Ile .inf ni kama barua ya utambulisho, .sys njo mufanyakazi mwenyewe, na .cat inabeba sinyatire. Usibebe moja na kuacha ingine. Kopia folda nzima.

Basi utumie mashini ya rafiki yenye kutembea. Nenda kwenye saiti ya waliotengeneza mashini yako, ao ya Intel, uchukue piloti ya Rapid Storage Technology inayofaa kizazi cha prosesa yako. Uangalie vizuri, juu piloti ya kizazi kimoja inaweza kukataa kwenye kingine. Usichukue kwenye saiti za "piloti zote bure". Nyingi zinakuletea virusi juu ya shida yenye ulikuwa nayo. Ukipata faili SetupRST.exe, fungua skrini nyeusi mu ile folda na uandike:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\RST

Ndani ya C:\RST tafuta iaStorVD.inf. Folda yenye inaibeba, uikopie yote kwenye flashi na uipe jina fupi, tuseme VMD. Jina fupi litakusaidia wakati wa kuandika ndani ya skrini nyeusi.

Tena uangalie: kama flashi yako ya kuokoa ni ya biti 64, piloti nayo iwe ya biti 64. Zikipishana, haziingii.

Kupakiza piloti

Kuko njia mbili. Ya kwanza ni ya vifungo. Ukifika kwenye ule ukurasa wa liste tupu, chini muko "Charger un pilote". Bonyeza, kisha "Parcourir", chagua folda VMD ya flashi yako. Ikiikubali, itaonyesha jina la piloti, endelea mbele. Kisha sekunde chache diski inatokea pamoja na sehemu zake zote.

SIMAMA HAPO. Hapa njo pahali pa hatari kuliko kote. Uko ndani ya programu ya kuinstalia Windows, na vifungo vya kufuta na kuformata viko mbele yako. Usiguse kimoja. Ulikuja kutafuta piloti, si kuinstalia. Piga Shift+F10 (kwenye laptopu zingine unaongeza Fn) na skrini nyeusi itafunguka. Kuanzia pale tunafanya kazi na skrini nyeusi tu.

Njia ya pili inaanzia moja kwa moja kwenye skrini nyeusi. Mi naipenda zaidi, kwa sababu haikupitishi karibu na vifungo vya kufuta. Ukiwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa kuchagua luga, piga Shift+F10. Kwanza tafuta flashi yako imepewa herufi gani:

diskpart
list volume
exit

Tuseme ni E:. Kisha unaandika:

drvload E:\VMD\iaStorVD.inf

Kama inasema imefaulu, rudia diskpart na list volume. Utaona sehemu za diski zimetokea. Musishangae kama Windows yenu haiko C:. Windows PE inagawa herufi kwa namna yake, na ile iliyokuwa C: inaweza kuitwa D: ao F:. Tazama ukubwa ili uitambue.

Kama inakataa, usirudie mara kumi kitu kile kile. Uliza maswali matatu: folda iko na .inf, .sys na .cat zote? Ni biti 64? Ni ya kizazi cha prosesa yangu? Karibu kila mara jibu liko mu moja ya haya matatu.

Na musipakize piloti zote munazozijua. Kwa kuokoa kazi hauhitaji sauti wala kadi ya picha. Kama sehemu ya kugusa ya laptopu haifanyi, chomeka panya ya USB, ni rahisi kuliko kutafuta piloti yake. Wi-Fi pia iachieni, Windows PE ya kawaida haina Wi-Fi. Diski tu njo tunatafuta.

Kama diski inaomba ufunguo

Inaweza kutokea kama diski inaonekana lakini ukitaka kuifungua inakataa. Mashini nyingi za Windows 10 na 11 ziko na ulinzi wa BitLocker, mara zingine mwenyewe hajui. Inaomba ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi unapatikana mu akaunti ya Microsoft yenye ulitumia siku ya kwanza ya kufungua mashini. Ingia nayo kwa telefone. Kisha uandike, ukibadilisha herufi na namba:

manage-bde -unlock D: -RecoveryPassword ufunguo-wako

Bila ufunguo, hakuna fundi wa kufungua. Mwenye kukuambia ataweza kwa pesa kidogo anakudanganya.

Kutoa kazi nje

Diski ikifunguka, kazi ya kwanza ni kukopia. Si chkdsk, si kutengeneza Windows. Kukopia. Chomeka flashi ya pili ao diski ya nje, kisha:

robocopy D:\Users\jina\Documents G:\Kazi /E /R:1 /W:1

/E inamaanisha achukue folda zote za ndani. /R:1 na /W:1 ni za lazima: bila hizo, faili moja yenye kuharibika inaweza kumufanya robocopy ajaribu mara milioni moja, akingoja sekunde 30 kila mara. Umeme utakatika mbele yake amalize.

Musisahau kama wale wenye kutumia OneDrive, Documents na Bureau zao zinaweza kuwa ndani ya folda OneDrive, pembeni ya zile za kawaida. Angalia zote mbili.

Kwa mwenye kuogopa kuandika, kuko njia ya pembeni. Kwenye skrini nyeusi andika notepad. Ikifunguka, nenda pahali pa kufungua faili, chagua kuonyesha faili za aina zote, na utapata dirisha lenye kuonyesha diski zote. Mule unaweza kubonyeza upande wa kuume wa panya, ukopie folda na kuibandika kwenye flashi. Haionyeshi kama imefika wapi, basi uwe na uvumilivu.

Dada mumoja wa mwaka wa mwisho aliniletea laptopu yenye walimuambia anunue diski mpya. BIOS ilikuwa inaonyesha diski yake wazi, jina na ukubwa. Tulipakiza ile piloti moja, na memwari yake ilikuwa kwenye flashi mbele ya chai kupoa. Diski ile ile anaitumia mpaka leo.

Kama haupate piloti

Siku zingine mega zimekwisha ao hakuna mashini ya rafiki. Kuko njia ya kuzima VMD kwa muda mu BIOS. Mbele ya kugusa, piga foto ya ukurasa kwa telefone. Zima VMD, washa kwa flashi, na Windows PE itaona diski kwa piloti yake ya kawaida. Kopia kazi, kisha RUDISHA kama ilivyokuwa. Ukiacha imezimwa, Windows yako iliyozoea VMD inaweza kukataa kuwaka kwa shida ile ile ya 7B. Ujue tena kama kugusa BIOS kunaweza kuamsha BitLocker na kuomba ule ufunguo wa tarakimu 48. Na kama mashini iko na diski mbili zilizounganishwa kwa RAID ao iko na Optane, njia hii si yako, uiache.

Njia ingine ni flashi ya Linux, kama Ubuntu ao SystemRescue. Kernel ya Linux inabeba piloti nyingi ndani yake, na ile ya VMD imo. Andika lsblk kuona diski, na lspci -k kuona kila kifaa kimepewa piloti gani. Kwenye mashini za zamani kidogo zenye kuwekwa mu hali ya RAID, dmesg inaweza kukuambia wazi kama imeona diski ya NVMe iliyofichwa na kukuomba ubadilishe kwenda AHCI. Ni ule ule ugonjwa, lakini Linux inasema jina lake. Ukifungua diski ya Windows kutoka Linux, ifungue kwa kusoma tu, usiandike kitu juu yake.

Kwa wenye kutengeneza mashini za watu

Ndugu zangu wa sekretariati na wa maduka ya mashini, musingoje mteja afike. Tieni piloti ndani ya boot.wim mara moja, flashi yenu itakuwa inajua VMD kila siku. Kopieni yale ya flashi mu folda C:\flashi, mufungue skrini nyeusi kama administrateur:

Dism /Mount-Image /ImageFile:C:\flashi\sources\boot.wim /Index:2 /MountDir:C:\mount
Dism /Image:C:\mount /Add-Driver /Driver:C:\piloti /Recurse
Dism /Unmount-Image /MountDir:C:\mount /Commit

Folda C:\mount iwe tupu mbele ya kuanza. Index 2 ni ile yenye instalasio inatumia. Bila /Commit mwishoni, kazi yote imekuwa bilashi. Mukimaliza, rudisheni boot.wim kwenye flashi.

Kitu cha kufanya leo

Kama mashini yako inawaka leo, uko na bahati yenye mwenye shida hana: Windows yako inazijua piloti zake zote. Chomeka flashi, fungua skrini nyeusi kama administrateur, tengeneza folda E:\Piloti na uandike:

Dism /Online /Export-Driver /Destination:E:\Piloti

Itatoa piloti zote zenye ziliongezwa juu ya Windows, kila moja na .inf, .sys na .cat yake, tayari kwa drvload. Folda ya diski mara nyingi inaanza na iastor. Haiombi mega hata moja. Andika pia ule ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi na uuweke pamoja na diplome zako. Na memwari, uitume kwenye imeli yako kila juma, juu piloti inafungua mulango wa diski yenye uhai, lakini ile imekufa kweli haiifufui.

Na siku fundi atakuambia diski haionekane, muulize swali moja tu, kwa heshima: "Fundi, BIOS inaiona?" Kama anajibu ndiyo, mwambie asiformate kwanza. Apakize piloti.